Nchi ya Walio Njiani

Kama una ramani, iweke kando, maana Ungojo haimo. Wachora ramani walifika huko mara moja, wakaambiwa mpima ardhi wa serikali bado hajaingia ofisini, wangoje kidogo. Wakangoja siku tatu, kisha wakapanda meli na kalamu zao. Ni kisiwa kidogo hasa. Ukianza kukizunguka kwa miguu baada ya chai ya asubuhi, utarudi ulipoanzia kabla wali wa mchana haujaiva. Watu wake ni wapole, wacheshi, na wakaidi kupita kiasi, na mimi nawapenda. Nalisema mapema, nisije nikaonekana nawasengenya. Ninayotaka kuwasimulia ni habari za Mzee Kondo, Msoma Majina Mkuu wa serikali ya Ungojo, na juma moja lililomkondesha kuliko mwezi mzima wa kufunga.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila siku ya kazi, saa moja kamili asubuhi, nchi nzima ilijipanga mistari katika uwanja wa Wizara ya Kazi. Mzee Kondo akapanda jukwaani, akavaa miwani, akafungua daftari lenye majina elfu moja mia moja na manne, akaanza kuita. Aliyekuwepo alijibu, "Nipo." Asiyekuwepo alijibiwa na mwingine, "Yu njiani," na Mzee Kondo akatia duara dogo mbele ya jina, akaendelea. Mpaka majina yaishe jua lilikuwa limeshapanda na miguu inauma. Waliojibu wenyewe walikuwa mia tatu tisini na mmoja. Mia saba na kumi na watatu walikuwa njiani.

Sasa usidhani walikwama kwenye tope mahali fulani. Walikuwa ng'ambo, nchi za watu, wanaendesha malori, wanauguza wazee wa wenyewe, wanafundisha hesabu kwa lugha ngeni, na wameoa na kuolewa huko. Wengine walikuwa njiani miaka thelathini. Lakini Sheria ya Ajira ya Ungojo, kifungu cha kwanza, inasema kwamba Mngojo hawezi kuiacha kazi ya nchi yake. Anaweza kuchelewa tu. Waliotunga sheria hiyo hawakuwa wajinga. Walikuwa wazazi, na siku waliyoitunga walikuwa wametoka gatini kusindikiza watoto wao.

Nafasi ya aliye njiani haijazwi, inakaimiwa. Kiti chake kinabaki palepale, na mgongoni mwa kiti linatundikwa koti lake, ili kila anayeingia ajue mwenyewe hayuko mbali. Kaimu anakaa pembeni, kwenye kigoda. Ukienda posta ya Ungojo utakuta koti la kijivu limetulia nyuma ya dirisha, na ukichungulia chini utaona kipara cha kaimu karani. Mwalimu mkuu ni koti. Hakimu ni koti, na wakili akisimama huliinamia kwanza, ndipo amgeukie kaimu aliye chini. Timu ya taifa ina golikipa aliye njiani, kwa hiyo kaimu golikipa husimama nje ya mwamba, na akithubutu kuingia golini anaandikiwa barua ya onyo. Wamefungwa mechi zote walizowahi kucheza, na wakirudi wanaimba utadhani wamebeba kombe. Kila Ijumaa mama za walio njiani huchukua makoti, wakayafua, wakayapiga pasi, wakayarudisha vitini.

Tena kaimu haandiki kwa wino. Wino ni wa mwenye kiti. Kaimu anaandika kwa penseli, ili mwenyewe akifika apitishe wino juu yake au afute. Ndiyo maana watoto wote waliozaliwa Ungojo katika miaka kumi na minne wana vyeti vya kuzaliwa vya penseli, na mama zao wanavihifadhi kwenye mifuko ya plastiki visije vikafutika.

Miaka kumi na minne, kwa sababu ndiyo muda ambao mkunga mkuu wa Ungojo amekuwa njiani. Alikwenda ng'ambo kwa kozi ya miezi sita. Jina lake Siwema, binti Kondo, mtoto pekee wa Msoma Majina.

Jumatatu ya juma hilo alishuka mgeni, Bwana Lutengano, aliyetumwa na umoja wa nchi kubwa kuja kuhesabu nguvukazi ya Ungojo. Alikuwa mtu wa makini, mwenye kalamu nne mfukoni, na Wangojo walimpenda papo hapo kwa sababu alikula kila alichopewa. Asubuhi alisimama uwanjani akasikiliza majina yote. Mchana alizunguka maofisini na Mzee Kondo, akawakuta watu wanatoa dawa, wanafundisha, wanazibua mifereji, wote wamekaa kwenye vigoda. Akaomba aonyeshwe mahali walipoandikwa. Mzee Kondo akamweleza kwa upole kwamba hao ni makaimu, na makaimu hawaandikwi. Bwana Lutengano aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Katika hesabu za Ungojo, waliokuwa ng'ambo walihesabiwa kuwa wapo, na waliokuwepo hawakuhesabiwa kabisa.

Jioni alilipeleka jambo hilo kwa Waziri wa Kazi, Bi Mwatime, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutuliza watoto, aliyekua mtaa mmoja na Mzee Kondo na kucheza naye rede. Mjadala ulichukua birika mbili za chai. Mgeni alidai nchi isiyojua nani anafanya kazi haiwezi kujua nani anahitaji nini. Waziri akamuuliza kwao watu wangapi hawana kazi, na mgeni, kwa kuwa ni mkweli, akataja milioni kadhaa.

"Hapa hakuna hata mmoja," alisema Bi Mwatime. "Sisi tuna kazi zisizo na watu. Na kazi, Bwana Lutengano, haisikii njaa."

Mgeni akakiri kwamba hilo hajawahi kuliona katika kitabu chochote. Akauliza tu kama hakuna namna yoyote ya kukifungua kiti kilichofungwa. Waziri akakohoa. Namna ilikuwepo, kifungu cha tisa. Aliyemzaa mtu au aliyefunga naye ndoa anaweza, jina likiitwa uwanjani, kusema neno moja: ameondoka. Basi jina linapigwa mstari na kiti kinakuwa wazi. Mgeni akauliza kifungu hicho kimetumika mara ngapi. Bi Mwatime alimtazama kama mtu aliyetukana mezani. Mwanawe mwenyewe, mhandisi wa pampu ya maji, alikuwa njiani mwaka wa tisa huo. Alimwongezea mgeni chai.

Jumanne Mzee Kondo alikwenda hospitali kupimwa presha, kama ilivyokuwa desturi yake. Kaimu mkunga mkuu, ambaye pia alikuwa kaimu wa vitu vingine vitatu humo hospitalini, aliitwa Mize. Yeye alikuwa kioja cha Ungojo: alikwenda kusoma ng'ambo, akamaliza, akarudi. Watu walimshangaa mwaka mzima, wakidhani amegombana na mtu huko. Miaka kumi na mmoja sasa alikuwa kwenye kigoda kando ya koti jeupe la Siwema. Ndiye aliyemuuguza mke wa Mzee Kondo mpaka pumzi ya mwisho, akasaidia kumwosha, akawa wa mwisho kutoka matangani. Mzee alimpenda yule binti, na alikuwa hajapata kumwambia.

Mize alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akakijaza upepo, akasoma, akasema presha ni nzuri. Kisha, akiwa anakunja vifaa, akamwambia kwamba ameitwa kazi ng'ambo na anaondoka na meli ya Alhamisi.

Mzee Kondo akauliza kama kinachomwondoa ni kigoda. Kama ni kigoda, atazungumza na Waziri, kiongezwe miguu.

"Kigoda nimekizoea, Baba Siwema," alisema Mize, na alikuwa anatabasamu, ndiyo ilivyomuuma zaidi. "Miaka kumi na mmoja kila asubuhi unaita jina la mwanao, na mimi ndiye ninayejibu. Watoto mia tatu na zaidi nimewapokea kwa mikono hii. Hujaniita hata siku moja."

"Jina lako halimo daftarini, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nikienda, hata njiani sitakuwa."

Mzee akatoka bila kuaga. Nje alimkuta mkwe wa jirani yake, ana mimba ya miezi minane, anapepewa na dada zake huku wanacheka. Akapiga hesabu ambayo hakuitaka. Mize akiondoka, anayefuata kukaimu hospitalini ni Bi Salama, mpishi. Ni mwanamke mwema Bi Salama, na uji wake hauna mfano, lakini akikata kidole cha kuku anazimia.

Siku ya Jumatano Mzee Kondo hakula. Nitawaambia kilichokuwa kinamsumbua, maana hakuwa mtu wa kujieleza. Alijua kabisa kilichotakiwa. Neno moja, na kiti kinafunguka, na Mize anaitwa kwa jina lake, na yule mkwe wa jirani anajifungua kwenye mikono inayojua kazi. Lakini huko Ungojo mzazi anayesema mwanawe ameondoka ni kama amemtoa nyumbani kwa mikono yake na kufunga mlango. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na kalamu. Mia saba na kumi na watatu alikuwa amewatunzia nafasi zao kwa miduara midogo, kila asubuhi, asichoke, kwa ajili ya mmoja tu.

Tena alikuwa na kinyongo na Siwema, na hicho ndicho kilichomchanganya. Mama yake alipofariki, miaka sita iliyopita, walimngoja siku tatu. Hakuja. Alilia kwenye simu, akasema hawezi, hakusema kwa nini, na baba hakuuliza. Tangu hapo simu zao zilikuwa kila Jumapili, fupi kama salamu za njiani. "Uko njiani, mwanangu?" "Niko njiani, Baba." Basi wakakata. Kinyongo kingezidi kidogo angeweza kulisema lile neno kwa hasira, na kingepungua kidogo angeweza kulisema kwa amani. Alikuwa katikati, na katikati hapasemeki kitu.

Alasiri alikwenda hospitali akachukua lile koti jeupe, ingawa haikuwa Ijumaa. Tangu mkewe afariki, yeye ndiye aliyelifua. Alikaa nalo uani na beseni, akalisugua kola, na kola ikachanika mkononi mwake. Ilikuwa imefuliwa mno. Kitambaa kimebaki kama karatasi, na hata akikiweka puani kilinuka sabuni tu. Mzee Kondo akakaa pale na mapovu mikononi, akalia. Jirani alichungulia juu ya ua, akarudi ndani kimya, akamletea sahani ya mihogo ambayo hakuigusa. Jioni alilirudisha koti kitini, na kola yake iliyochanika.

Alhamisi saa moja, uwanja ulijaa. Meli ilikuwa gatini, itaondoka adhuhuri, na sanduku la Mize lilikuwa limeegeshwa ukutani penye kivuli, watu wanalizunguka bila kulitazama. Mize mwenyewe alisimama mahali pake. Alikuja kujibu kwa mara ya mwisho, kwa adabu tu. Waziri alikuwa mbele, na Bwana Lutengano kando yake, kalamu mkononi.

Mzee Kondo akaanza. Bawabu, nipo. Mpima ardhi, yu njiani. Hakimu, yu njiani. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, na watu walipiga miayo kama kila siku. Mhandisi wa pampu, yu njiani, na Waziri akarekebisha mtandio wake kama alivyozoea kufanya likifika jina hilo. Jina la mia mbili na kumi na mbili lilikuwa la mkunga mkuu.

"Siwema binti Kondo."

Mize akafungua kinywa. Mzee akainua mkono kumzuia.

"Ameondoka," alisema.

Hakulisema kwa nguvu. Waliokuwa mistari ya nyuma hawakusikia, wakaulizana, wakaambiwa, na ule mnong'ono ukasafiri uwanja mzima mpaka ukafika getini. Mtu wa kwanza kusema alikuwa Waziri. "Kondo," alisema, na sauti yake ile ya kutuliza watoto ilikuwa imempotea, "umemtupa mwanao mbele za watu." Mzee alikuwa ameinamia daftari. Alikuwa anapiga mstari juu ya jina, kwa wino. Chini yake akaandika jingine. Alichukua muda, kwa sababu miwani ilikuwa imelowa.

"Mize binti Shomari."

Mize alikuwa ameshajiandaa kumjibia mtu mwingine, ulimi ukakosa pa kwenda. "Yu—" alianza, akaishia hapo. Waliosimama nyuma yake wakamsukuma mgongoni.

"Nipo," alisema.

Mzee akatia alama, akageuza ukurasa, akaita jina la mia mbili na kumi na tatu. Kazi ni kazi, na yalikuwa yamebaki karibu mia tisa.

Meli iliondoka adhuhuri bila Mize. Kufikia wakati huo alikuwa amekaa kwenye kiti, amegundua kwamba ni kirefu na miguu haifiki chini, na mbele yake kuna foleni ya akina mama wenye mifuko ya plastiki iliyotokeza mlangoni, ikashuka ngazi, ikapita nyuma ya jiko la Bi Salama. Koti alilikunja vizuri akampelekea Mzee nyumbani.

Mzee Kondo alikuwa barazani, koti mapajani, simu kando. Alijua habari imekwisha fika. Wangojo wa ng'ambo wana kundi lao la simu, na kuku akivunjika mguu Ungojo wanajua kabla ya mwenye kuku. Bi Mwatime akaja, akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa, akaanza kumsema, kwamba sasa kila mgeni atauliza kwa nini na wengine wasifanye hivyo, kwamba mama yake Siwema angesemaje, kwamba yeye Kondo tangu utotoni akishashika jambo hashauriki. Alikuwa katikati ya hayo simu ilipolia. Mzee aliiweka sauti kubwa, kama wanavyofanya Wangojo wote, wanaoamini sauti ya ng'ambo haitoshi sikio moja.

"Baba," alisema Siwema. "Ni kweli umesema?"

"Nimesema."

Wakamsikia analia. Mzee akaomba radhi. Akasema amemkosea, akasema Mize alikuwa anaondoka, akasema mambo mengi bila mpangilio mpaka Siwema akamkatiza.

"Usiniombe radhi, Baba. Mama alipofariki nilikuwa na tiketi mkononi. Lakini aliye njiani akikanyaga gati anahesabika amefika kazini, na aliyefika haruhusiwi kutoka tena. Nina watoto wawili huku. Ningekuja kumzika Mama, nani angewalea?"

Mzee Kondo aliijua sheria hiyo. Alikuwa ameisoma kwa sauti uwanjani kila mwaka mpya, tena kwa fahari, kwamba milango i wazi kwa wote waliochelewa. Haikuwa imempitia akilini hata siku moja kuitazama kutoka upande wa pili wa maji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejua kwamba sirudi," alisema Siwema. "Na wewe kila Jumapili ulikuwa unauliza."

Akapangusa pua, wakamsikia. Kisha akasema, polepole kama mtu anayejaribu sakafu kwa mguu, kwamba kwa kuwa sasa hana kazi Ungojo, hana kiti, hana koti, hakuna kitu cha kumzuia kuja kutembea. Meli ya mwezi ujao. Na watoto pia, kama baba hatajali.

Mzee Kondo akauliza atakaa siku ngapi. Ni swali wanaloulizwa wageni, na hakuwahi kufikiri atamuuliza mwanawe. Alishangaa lilivyotoka bila kumuuma.

"Kumi, Baba. Ni chache, najua."

"Siku kumi ni nyingi, mwanangu," alisema, na alimaanisha, na alikuwa ameshaanza kutazama kuta akiona zinahitaji chokaa.

Walipokata simu Bi Mwatime alikuwa bado amekaa kwenye ngazi, amewapa mgongo. Alirekebisha mtandio wake, kama afanyavyo likiitwa jina la mwanawe. Kisha, bila kugeuka, akamuuliza Mzee Kondo kwa sauti ndogo kama lile neno ni lazima lingoje mpaka asubuhi uwanjani, au Waziri anaweza kulisema sasa hivi.